Shajara ya sambiloto: natafuta namna ya kuinywa bila kulia

Wiki ya 0, mwisho wa Oktoba

Haya wadau, naanza kuandika rasmi maana nisipoandika ntasahau na huu mradi utakufa kama ule wa uyoga, ambao tuliuzika kimya kimya bila hata matanga. Niko Yogyakarta, Indonesia, mwaka wa pili sasa wa masomo, nimepanga kwenye nyumba za aina wanayoiita kos, yaani vyumba kumi na moja, jiko moja, friji moja na mabafu mawili ya kugombania asubuhi. Juu ya paa kuna sehemu ya kuanikia nguo, na mama mwenye nyumba kaniruhusu niweke viriba vyangu kwenye kona mradi maji ya matope yasichuruzikie shuka za watu.

Mmea wenyewe unaitwa sambiloto, kisayansi ni Andrographis paniculata. Wasunda wa magharibi ya kisiwa hiki hiki cha Java wanauita ki oray, na oray kwao ni nyoka, wazee wao walikuwa wanamtibia mtu aliyeumwa na nyoka. Malaysia ni hempedu bumi, nyongo ya ardhi. Thailand ndo wamemaliza kabisa, wao wanasema fa thalai chon, ukiitafsiri ni kama mbingu inayosambaratisha majambazi. Ukiona mmea watu wameupa majina ya hivyo ujue wameuonja.

Mimi niliuonja mwezi wa nane. Nilikuwa na mafua yale ya kuvunja mifupa, koo limewaka, sitaki kula, nikatoka nje ya geti kununua maji nikakutana na Mbah. Mbah ni neno la Kijava, ni kama sisi tunavyosema Bibi, na huyu kila asubuhi kama saa moja anapita mtaani kwetu na jamu. Jamu ndo dawa zao za asili za kunywa. Anabeba bakuli kubwa la kusuka mgongoni, kalifunga na kitenge chao kinachopita begani, ndani chupa zimepangana na mkononi ndoo ndogo ya kuoshea glasi. Akanishika shingo hivi kwa mgongo wa mkono, akasema panas, yaani joto, akanimiminia nusu glasi ya kitu cha kijani iliyokolea mpaka inakaribia kuwa nyeusi. Inaitwa pahitan. Pahit ni chungu kwa hiyo hata jina halikufichi.

Sasa mimi ni mtoto wa Tanga. Mwarobaini nimenyweshwa nikiwa sijajua kusema hapana, nimeogeshwa mwarobaini, nimefukizwa mwarobaini, nikajua uchungu mimi na wewe tumeshamalizana. Aisee. Ile kitu haikuwa chungu tu, ilikuwa chungu ya kukaa. Mwarobaini unakupiga unaondoka, sambiloto inaingia, inavua viatu, inakaa. Saa nne mchana bado nameza mate machungu. Mbah akanipa haraka haraka glasi nyingine ya kitu kitamu cheupe, nikashushia, nikamlipa, sikuuliza hata ile ya pili ni nini maana akili yote ilikuwa kwenye ulimi.

Lengo la mradi basi ni hili: kuotesha sambiloto mwenyewe kuanzia mbegu, alafu kutengeneza kinywaji ambacho mtu wa kawaida anaweza kumaliza kikombe bila kulaani ukoo wa aliyempa. Nikishapata hiyo fomula nadhani ntakuwa tajiri. (Naiandika hii sentensi ili nije nijicheke.)

Wiki ya 1

Mbegu nimenunua onlaini. Ndogo, rangi ya kahawia ya njano, zina mikunjo mikunjo ukiziangalia kwa karibu. Zina ganda gumu, ukizimwaga tu kwenye udongo nyingi zinalala usingizi, kwa hiyo nimezisugua taratibu na mchanga kidogo kati ya viganja, alafu nikaziloweka usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu. Mbegu 60 kwenye trei mbili. Udongo, mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, sehemu sawa sawa.

Mvua zimeanza. Hapa masika yao ni Oktoba mpaka Aprili, na ikinyesha inanyesha kweli.

Wiki ya 3

Zimeota 41 na nikatembea kifua mbele siku mbili. Ya tatu nikakuta vijishina vimelegea pale pale usawa wa udongo vimelala chini kama vimekatwa na uzi. Kinyausi. Kosa langu mwenyewe, nilifunika trei na nailoni kuogopa mvua, hewa haipiti, unyevu umejaa, fangasi wakala sikukuu. Nimebaki na 23. Nimetoa nailoni, nimeweka wavu wa kivuli juu, namwagilia asubuhi tu.

Wiki ya 6, mwanzo wa Desemba

Miche 14 iliyo na afya nimeihamishia kwenye viriba. Shina lake ni la pembe nne, ukilishika kati ya vidole unazisikia kona zake, na majani yanatoka mawili mawili yakiangaliana, membamba yamechongoka mwisho. Nimeng'ata kajani kamoja kadogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Tayari kachungu!! Mmea una wiki sita na umeshajifunza ubaya.

Jumamosi nilikwenda Pasar Beringharjo, lile soko kubwa mwisho wa barabara ya Malioboro. Watalii wanaishia chini kwenye batiki, wewe pita mpaka wanakouza empon-empon, yaani mizizi na viungo vya dawa, utasikia harufu kabla hujafika. Manjano, tangawizi, galanga, kencur, temulawak ambayo ni ndugu wa manjano ila nene na kubwa, magome, maganda, na magunia ya sambiloto kavu ambayo ukiyaangalia unaona ni majani makavu tu ya kawaida, mpaka muuzaji ayakoroge na mkono kidogo vumbi lipande. Nilikuwa nimefungua mdomo naongea. Sitasema zaidi.

Nikauliza watu wananunulia nini. Mama mmoja akanihesabia kwenye vidole: homa, mafua na koo, kuharisha, kuwashwa mwili na vipele, sukari, na mtu asiyekuwa na hamu ya kula. Hii ya mwisho ilinichekesha, yaani unamlisha mtu kitu kichungu mpaka chakula chochote kinachofuata anakiona kitamu, kwa nini asile.

Mama mwingine pembeni akanidaka na pakiti za jamu ya maumivu ya mgongo, eti ukinywa saa moja tu mwili mwepesi. Hapa naomba niongee kidogo. Indonesia wana mamlaka yao ya chakula na dawa, BPOM, na dawa za mimea wamezipanga madaraja matatu, na kila daraja lina nembo yake ya kijani kwenye pakiti. Jamu ni ile ambayo ushahidi wake ni mazoea ya vizazi. Juu yake kuna iliyosanifiwa, ambayo imepimwa maabara na kwa wanyama. Juu kabisa ni fitofarmaka, ambayo imejaribiwa kwa binadamu hospitalini. Sasa hiyo BPOM kila mara inatoa orodha ya jamu zilizokamatwa zimechanganywa kimya kimya na dawa za viwandani, mfano dexamethasone au phenylbutazone, na zinazoongoza kwa huo mchezo ni hizi hizi za maumivu ya mwili na za nguvu za kiume. Kwa hiyo jani likikutoa maumivu ya miaka mitano ndani ya saa moja usilisifu jani, kiulize kilichomo. Nikamwambia asante mama, mgongo wangu mzima.

(Kanukuu kadogo: jamu iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika Desemba 2023, na kikao kilichopitisha kilifanyika Kasane, Botswana. Yaani heshima ya bakuli la Mbah imegongewa muhuri Afrika. Nilimwambia. Akasema, Botswana ni karibu na kwenu? Nikasema kiasi. Akaniongezea glasi.)

Wiki ya 9

Jaribio la kwanza la kinywaji. Majani mabichi kumi, maji glasi tatu, chemsha moto mdogo mpaka ibaki moja, ndo namna ya kawaida wanavyofanya majumbani. Nikaweka sukari ya kahawia vijiko viwili, nikaonja, vikawa vinne, nikaonja, vikawa sita. Matokeo ni kwamba unasikia utamu kwanza kama sekunde mbili hivi, unaanza kutabasamu, alafu uchungu unapanda kutoka nyuma ya ulimi ukiwa na hasira ya kusubirishwa. Ni mbaya kuliko ile isiyo na sukari maana ile angalau haikudanganyi.

Nimejaribu na asali, hivyo hivyo. Maziwa sitaki hata kuyaongelea.

Wiki ya 10

Jaribio la pili lilikuwa la ujanja zaidi. Si mnajua mboga zile chungu za nyumbani, mchunga, unachemsha unamwaga maji ya kwanza, unatia mengine, uchungu unapungua. Nikafanya hivyo hivyo. Maji ya kwanza nikamwaga kwenye sinki, ya pili nikaonja, na kweli imepungua! Nikaruka jikoni. Nikakimbia na chupa chuoni kwa rafiki yangu anayesoma famasia, Mjava, mtu mpole sana, nikamwambia onja fomula.

Akaonja. Akaniuliza, maji ya kwanza umeyapeleka wapi?

Basi akanichorea kwenye daftari. Kile kinachofanya sambiloto iwe sambiloto kinaitwa andrographolide, na mchungu ndo huyo huyo. Siyo kwamba kuna dawa alafu pembeni kuna uchungu umekuja kuharibu, ni kitu kimoja. Mkemia aitwaye Gorter alikitenga kikiwa safi mwaka 1911, enzi za Waholanzi hapa. Na hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kwenye pombe ndo kinatoka kirahisi, kwa hiyo hata hayo maji niliyomwaga hayakuwa yamebeba chote, na bado nikayamwaga. Nilichombebea ilikuwa masalia ya masalia. Akasema kwa upole wake ule, hii ni chai ya majani, ni salama, unaweza kunywa.

Nilikuwa na kete moja mfukoni. Mpangaji mwenzangu aliniambia tia magadi, yanakata uchungu wa vitu vingi. Nikamuuliza huyu wa famasia. Akacheka, akasema andrographolide inatulia kwenye mazingira yenye asidi kidogo, ukiipeleka kwenye magadi inavunjika, kwa hiyo ukiona uchungu umekatika jua umekata na shina.

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili nifikirie.

Wiki ya 11

Sina uhakika kama niandike hii.

Nikawaza kapsuli. Kama ulimi ndo tatizo basi tuupite ulimi. Nilikuwa na majani kidogo niliyoyakausha ya kupunguzia matawi, nikataka unga. Kinu sina, nikachukua blenda ya jikoni. Nikasaga, ikawa laini vizuri, nikafungua mfuniko mapema kabla vumbi halijatua, na lile vumbi likanipanda puani na kooni, nikakohoa machungu nusu saa nimeinama kwenye sinki, machozi yanatoka, mtu akipita anadhani nimepokea simu ya msiba. Nikaosha blenda. Naapa niliosha. Mara tatu, na sabuni, na limao.

Jioni dada wa chumba namba 4 akatengeneza juisi ya parachichi. Hapa parachichi wanaisaga na maziwa na kuizungushia chokoleti kwenye glasi, ni nzuri sana. Alikuwa na wageni. Wote wanne wakapiga funda kwa pamoja.

Kumbe ile ringi ya mpira chini ya visu inatoka na mimi sikujua inatoka. Unga ulikuwa umejificha mle. Nimenunua blenda mpya na ile ya zamani sasa ni yangu, imeandikwa jina langu kwa wino mwekundu, na kwenye grupu la kos wananiita Mas Pahit, Kaka Mchungu. Nimekubali.

Wiki ya 12

Kapsuli zenyewe nimejaza 30 kwa mkono, saizi 0. Zinamezeka, ulimi hausikii kitu. Kwa hiyo nimeshinda? Ndo hapo rafiki wa famasia akanitibua tena. Thailand ambako wamelifanyia hili jani kazi ya serikali kabisa, liko kwenye orodha yao ya taifa ya dawa muhimu, hawahesabu majani wala kapsuli, wanahesabu miligramu za andrographolide. Wakati wa korona, wizara yao ya afya iliruhusu litumike kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi, kipimo kilikuwa miligramu 180 kwa siku, kugawa mara tatu, siku tano basi. Sasa kapsuli yangu ina ngapi? Inategemea mmea ulikuwa na umri gani, ni jani au shina, umekauka vipi, umekaa muda gani ghalani. Inaweza ikawa ndogo ya kuchekesha, inaweza ikawa nyingi. Mtu anayekunywa pahitan ulimi unamwambia ee, leo Mbah kakoleza. Mimi na kapsuli yangu nimeuziba mdomo wa shahidi pekee niliyekuwa naye.

Na kuna watu hawapaswi kuigusa kabisa, niandike hapa ili hata mimi nisisahau nikianza kujifanya mganga. Mjamzito hapana, anayenyonyesha hapana. Anayetumia dawa za kulainisha damu au za presha amuone daktari kwanza maana zinaweza kupandana. Na kuna watu inawaletea mzio mkali, wale wa Australia mamlaka yao ya dawa ilitoa ripoti mwaka 2015 juu ya hilo hilo. Kuhusu kama inasaidia kweli, kuna uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio 33 yenye wagonjwa 7,175 wa mafua, kikohozi na koo, na ukaona inaonekana kupunguza dalili, ila majaribio mengi yenyewe hayakufanywa kwa umakini. Mimi naisoma hivi: si uzushi, na si muujiza. Mama aliponipigia akauliza inatibu malaria? Nikamwambia mama, ukiwa na homa nenda ukapime, tafadhali, usinisubiri mimi.

Wiki ya 14, Februari

Maua! Meupe, madogo, yana michirizi ya zambarau kwenye mdomo kama mtu kayadondoshea wino. Wanasema huu ndo wakati wa kuvuna, maua yakianza tu, kabla mmea haujapeleka nguvu kwenye mbegu. Nimekata viriba 9 nikaacha 5 vitoe mbegu. Mirefu zaidi ilinifika juu kidogo ya goti. Unakata ukibakiza kama shubiri moja, inachipua tena.

Kilo 1.1 mbichi. Nimetandaza kwenye tambara la batiki lililochakaa ndani ya ghala la mama mwenye nyumba, kivulini, dirisha wazi, nageuza asubuhi na jioni. Jua kali hapana. Siku ya sita majani yanavunjika ukiyafikicha na rangi bado ni kijani. Gramu 240 kavu. Vidole vyangu vimekuwa na uchungu wiki nzima, nakula wali kwa mkono kama nilivyozoea alafu nashtuka.

Wiki ya 15

Nimempa Mbah aonje kazi yangu. Nilitengeneza ile bora niliyonayo: majani makavu, maji ya pili, tangawizi, mdalasini, sukari ya mnazi, nikaiweka kwenye chupa safi nikambandikia na lebo. Nimemsubiri getini saa moja kasoro. Akashusha bakuli, akamimina kwenye glasi yake, akanywa yote taratibu huku anaangalia barabara, akafuta mdomo na ncha ya kitenge.

"Kurang pahit, Mas."

Uchungu haujatosha, kaka.

Nikamwambia Mbah, lakini ndo mradi wenyewe, nilikuwa naupunguza ili watu wanywe. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekausha maji. Akasema wateja wake wa pahitan ni wengi, yule dereva wa bodaboda anakunywa kila Jumatatu na Alhamisi, mama wa duka anakunywa, hakuna aliyewahi kumwambia apunguze. (Alhamisi wao ni Kamis, Ijumaa ni Jumat, Waarabu walitupitia sote. Habari ni kabar, sabuni ni sabun. Ndo maana naelewana na Mbah nusu kwa nusu.) Alafu akanimiminia pahitan yake robo glasi, nikanywa, nikakunja uso, na kabla sijafungua macho nikasikia glasi nyingine imegusa vidole vyangu. Kile kitu cheupe kitamu.

Safari hii niliuliza. Inaitwa beras kencur. Mchele ulolowekwa ukasagwa, na kencur, ambayo ni mzizi mdogo wa jamii ya tangawizi, harufu yake ni kama tangawizi iliyoolewa na kafuri, wanaongeza tangawizi yenyewe, ukwaju na sukari ya mnazi. Ni jamu kamili yenyewe, watu wanainywa kwa uchovu wa mwili na watoto wanapewa wale vizuri. Ila kwa Mbah ina kazi ya pili. Kila anayekunywa pahitan anafuatishiwa beras kencur, na haimo kwenye bei, na ule unga wa mchele unapaka ulimi kama chokaa ukutani na uchungu unaondoka ndani ya dakika siyo mpaka saa nne.

Yaani miezi minne mimi nahangaika kuutoa uchungu ndani ya chupa, na jibu lilikuwa kwenye chupa ya jirani, ndani ya bakuli lile lile, na nimeshalinywa tangu mwezi wa nane bila kuuliza jina. Nilikaa kwenye ngazi ya geti.

Wiki ya 16

Najifunza beras kencur. Mbah kaniambia nije kwake saa tisa usiku, ndo muda anaoanza. Nilidhani nimesikia vibaya. Nimekwenda na pikipiki ya kuazima, mtaa mzima umelala, kwake taa moja inawaka, sufuria tatu jikoni. Mchele keshauloweka tangu jioni. Anakaanga kencur kidogo bila mafuta kwenye chungu, kidogo tu, mpaka harufu ibadilike, anasaga, anakamua kwenye kitambaa kwa mikono ile ile miwili anayobebea kila kitu. Hana mizani, hana kijiko cha kupimia. Anaonja na kidole. Sambiloto anaichemsha pamoja na brotowali, ule mtambaa wenye nundu nundu ambao nao ni mchungu balaa, kwenye sufuria ya peke yake iliyo pembeni kabisa na mwiko wake peke yake. Nikamsimulia habari ya blenda. Alicheka mpaka akaweka mchi chini.

Aliniambia walikuwa dada watatu wanaouza, kila mmoja na mtaa wake, mama yao aliwagawia njia kama urithi wa shamba. Sasa kabaki yeye. Wengi siku hizi wanauza kwa baiskeli au pikipiki, yeye anasema kwenye pikipiki hauwezi kumshika mtu shingo ukajua ana homa.

Wiki ya 18

Hali ya mradi kwa leo.

Sambiloto kavu gramu 170 kwenye chupa ya kioo, gizani, nimeandika tarehe. Kapsuli nimezitupa. Ile chupa yenye lebo pia. Viriba 9 vilivyokatwa vimechipua vyote isipokuwa kimoja ambacho paka wa jirani anakilalia.

Vile 5 vya mbegu vimenifundisha jambo: ganda lake likikauka linapasuka lenyewe kwa nguvu, tak, na mbegu zinaruka mbali. Nilikuwa naanika nguo nikasikia kitu kinagonga bati, nikadhani mvua. Sasa nimefunga kila kishada na kimfuko cha kitambaa chembamba. Mama anataka nimletee mbegu Tanga, nimemwambia siyo mambo ya kufunga kwenye soksi, inatakiwa kibali na cheti cha afya ya mimea, ntafuata utaratibu au ntaacha. Kanuna kidogo.

Asubuhi ya leo nilimpelekea Mbah chupa mbili. Moja sambiloto, maji ya kwanza, hamna sukari hamna mdalasini hamna chochote, imepungua kutoka glasi tatu kuwa moja. Ya pili beras kencur, ya tatu kuitengeneza katika maisha yangu. Akaanza na chungu. Akanywa robo glasi, akatulia, alafu uso wote ukakunjamana, macho, pua, kila kitu, mkono wa kushoto ukanyooka wenyewe kuelekea ile chupa nyingine.

Akanywa hiyo nayo. Akasema kencur umeunguza.